Kulala Dubai bila kuungua wala kugandishwa: maswali ninayoulizwa kila wiki

Simu yangu haipumziki. Kila wiki kuna mtu wa Kariakoo, Eastleigh au Mombasa anayekwenda Dubai kwa mara ya kwanza. Huyu anafuata mzigo, yule yuko kwenye fungate, mwingine anampeleka mama akapumzike. Wote huniuliza yale yale, nami nimeona heri niyaandike mahali pamoja, mtu akipiga nimtumie.

Kuna jambo moja nitalirudia mpaka mnichoke: hoteli ya Dubai haipimwi kwa nyota, inapimwa kwa hatua za juani. Hesabu kwanza hatua za kutoka mlango wa hoteli hadi kituo cha metro, hadi mahali pa kula, hadi unapokwenda kila siku. Ukishazijua hizo, ndipo uangalie picha za vitanda.

Niende mwezi gani?

Ukiweza kuchagua, nenda kati ya Novemba na Machi. Januari mchana hali ya hewa ni nyuzi 24 hivi, na usiku hushuka hadi 14 au 15. Mtu wa Tanga atatafuta sweta, mtu wa Arusha atajiona yuko kwao. Oktoba na Aprili ni miezi ya kati: asubuhi na jioni unatembea vizuri, mchana unajificha.

Juni hadi Septemba ni habari nyingine. Mchana mara nyingi hufika nyuzi 40 au zaidi, na usiku wa manane bado ni 30 hivi. Watu wa pwani hunicheka nikiwaonya: "Sisi joto tumezaliwa nalo." Joto la Dar la Februari ni 32 au 33, na kuna upepo wa bahari. Dubai mwezi wa Agosti ukitoka hotelini miwani inaingia ukungu papo hapo, shati linakuganda mgongoni kabla hujafika barabarani, na upepo ukivuma ndiyo balaa zaidi, maana unatoka kama umefungua mlango wa tanuri. Sheria ya nchi inakataza kazi za juani kati ya saa 6:30 na saa 9:00 mchana, kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15. Kama mafundi wa ujenzi wanaondolewa juani kwa sheria, wewe uliyekuja kupumzika unatafuta nini huko nje saa 7 mchana?

Ila nisiwe mwongo: majira ya joto yana raha yake, nayo ni bei. Hoteli ambayo Desemba huwezi hata kuulizia, Julai unaipata kwa nusu au pungufu ya hapo. Mwenye safari ya madukani tu, anayeishi kati ya kiyoyozi na kiyoyozi, anaweza kufaidi. Wiki ya kuepuka kabisa kama mfuko wako ni mdogo ni ile ya mwaka mpya, wakati dunia nzima inakwenda kutazama fataki za Burj Khalifa. Angalia pia tarehe za maonyesho makubwa ya biashara, kama Gulfood na GITEX. Siku hizo hata hoteli za kawaida za Deira, mtaa wa masoko, hupandisha bei.

Nikienda Ramadhani nitapata shida?

Huna haja ya kuogopa. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 10 au 11 kila mwaka, na kwa miaka hii imeangukia majira ya baridi, kwa hiyo mchana wa kufunga si mrefu wala mkali. Asiyefunga atakula hotelini na kwenye migahawa iliyo wazi. Tangu 2021 migahawa ya Dubai hailazimiki tena kuweka mapazia mchana. Ila usile ukitembea barabarani, hiyo ni adabu tu. Wafungaji wataona mji unaamka baada ya futari na maduka yanakesha. Mchana mambo ni polepole, basi lala.

Nichukue hoteli mtaa gani?

Inategemea umefuata nini, na hapa ndipo watu wengi hukosea kwa sababu wanaiona Dubai kama mji wa kuzunguka kwa miguu. Ni mji mwembamba na mrefu, umelala ufukweni. Kutoka Deira hadi Marina, upande wa pili wa mji, ni safari ya karibu saa moja kwa metro.

Mfanyabiashara akae Deira. Masoko ya Naif, dhahabu na viungo yako huko, na ofisi za kago za Dar, Zanzibar na Mombasa ziko huko. Ukikaa kidogo kwenye mgahawa utasikia Kiswahili meza ya pili. Tafuta hoteli karibu na vituo vya Al Rigga, Union au Baniyas Square. Union ndipo laini nyekundu na ya kijani za metro zinapokutana, kwa hiyo ukilala hapo mji wote uko wazi kwako. Ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, kuna Bur Dubai, ambako ni tulivu kidogo, chakula cha Kihindi ni kingi, na unavuka kwa abra, mashua ndogo ya abiria, kwa dirham 1 tu. Hakuna usafiri wenye raha kama huo mji mzima, na jioni upepo wa majini unakupoza bure.

Wa fungate na wapenda bahari waende Marina, JBR (Jumeirah Beach Residence) au Palm Jumeirah, wakijua kwamba kikombe cha kahawa kule ni bei ya sahani ya biriani Deira. Downtown ni kwa anayetaka kufungua pazia aione Burj Khalifa. Mimi huwapeleka wengi Al Barsha, karibu na kituo cha Mall of the Emirates: hoteli ni za bei ya kati, metro iko mlangoni, na ukishaingia ndani ya jengo hilo la maduka unaweza kumaliza siku nzima bila kuliona jua.

Sharjah je? Vyumba ni rahisi, kweli. Lakini metro haifiki huko, foleni ya asubuhi kuingia Dubai inaweza kukulia saa mbili, na ulichookoa kwenye chumba utakilipa kwenye teksi. Pia pombe Sharjah ni marufuku kabisa, na mavazi yanaangaliwa zaidi. Kwa familia isiyo na haraka ni pazuri. Kwa mwenye orodha ya mzigo, hapana.

Ramani inasema hoteli iko dakika 9 kutoka metro. Si karibu?

Dakika 9 za ramani ni za mtu asiye na begi, mwezi wa Januari. Niliwahi kumpeleka shangazi yangu mwezi wa Agosti kwenye hoteli ya namna hiyo. Nilikuwa nimejisifu kwamba nimeokoa pesa ya teksi. Tulitoka metro saa 8 mchana, mabegi mawili, lami inachemka. Mtaa wa pili shangazi akaketi kwenye ngazi ya duka la simu, hasemi, ananitazama tu. Mwenye duka, Mhindi wa Kerala, akamtolea kiti na chupa ya maji bila kuulizwa. Dakika 9 zikawa 40, na siku tatu zilizofuata shangazi hakutaka kusikia neno "karibu". Kosa lilikuwa langu, hoteli haikuwa na hatia.

Tangu hapo kipimo changu ni dakika 4 wakati wa joto, 10 wakati wa baridi. Soma maoni ya waliolala humo kati ya Juni na Septemba, si ya Desemba. Na jihadhari na neno "karibu na Dubai Mall". Kituo cha metro chenye jina hilo kimeunganishwa na jengo kwa daraja la ndani lenye kiyoyozi na mikanda ya kutembeza watu, lakini daraja lenyewe lina urefu wa mita 800 hivi. Mzee mwenye magoti mabovu mpandishe teksi hadi mlangoni.

Nyota tatu za Dubai zinalalika?

Zinalalika vizuri. Madaraja hutolewa na idara ya serikali, na chumba cha nyota tatu kwa kawaida kina kiyoyozi, friji ndogo, birika la umeme, na bomba dogo la kujisafishia pembeni mwa choo, jambo ambalo watu wa pwani hulishukuru kuliko televisheni. Mshale wa kibla utaukuta darini au ndani ya droo, na mswala ukiomba mapokezi wanakuletea.

Tatizo la baadhi ya hoteli za kati za Deira ni kelele. Nyingine zina kumbi za muziki ndani ya jengo, wakati mwingine mbili tatu, na ngoma hupigwa mpaka saa 9 usiku. Kwenye picha hutaziona. Tafuta neno "kelele" kwenye maoni ya wageni, na ukifika omba ghorofa ya juu, upande usio na ukumbi. Ukipendelea utulivu, kuna hoteli zisizouza pombe kabisa, na usiku wake huwa kimya.

Kwa familia, au wafanyabiashara watatu wanaokaa wiki mbili, mimi hupendekeza nyumba za kupanga za kihoteli: sebule, jiko, mashine ya kufulia. Unapika ugali wako, unafua nguo zako, na hesabu ya mwisho inakuja chini.

Kwa nini nimelipa zaidi ya bei niliyoiona?

Kwa sababu bei ya kwanza mara nyingi haina nyongeza. Hoteli huongeza asilimia 10 ya huduma, asilimia 7 ya manispaa na VAT ya asilimia 5. Chumba cha dirham 200 kinafika 245 hivi. Juu yake kuna dirham ya utalii, inayolipwa kwa kila chumba kwa kila usiku kufuatana na daraja: 7 kwa hoteli ya chini, 10 kwa nyota tatu, 15 kwa nyota nne, 20 kwa nyota tano. Dirham hii ya utalii hutozwa mapokezini hata kama ulishalipia chumba mtandaoni, na ndiyo inayozusha mabishano. Usimgombeze mpokezi, hela haiingii mfukoni mwake.

Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola 1 kwa dirham 3.67, kwa hiyo hesabu yako ya dola haitayumba. Badilisha kwenye maduka ya fedha ya Deira, usibadilishe mapokezini. Na wale mnaoulizia kurudishiwa VAT uwanja wa ndege: hiyo ni ya bidhaa ulizonunua kwenye maduka yaliyojiunga na mpango huo. Kodi ya chumba hairudi.

Wanataka dhamana. Ni wizi?

Si wizi. Hoteli nyingi hushikilia kiasi fulani kwa kila usiku au kwa safari nzima, kama kinga ya kilichovunjwa au kuliwa kwenye friji. Ukitoa taslimu, dai risiti na urudishiwe siku ya kuondoka. Ukitoa kadi, pesa inaweza kuzuiliwa siku kadhaa hata baada ya kufika nyumbani, na kwa mwenye biashara hizo ni siku za mtaji kulala. Kwa hiyo mimi hutoa taslimu. Kadi za kwenye simu za M-Pesa zinasaidia kulipia chumba mtandaoni, lakini mapokezini wengi hutaka kadi ya kushikika yenye jina lako.

Ndege yangu inafika saa 7 usiku. Nibuku kuanzia tarehe ngapi?

Soma hili mara mbili, maana limewaliza wengi. Ukitua saa 7 usiku wa kuamkia tarehe 15, kitanda unachohitaji ni cha tarehe 14. Ukibuku kuanzia 15, chumba chako kitafunguliwa saa 8 au saa 9 mchana wa tarehe 15, nawe utakuwa umekaa kwenye kochi la mapokezi kwa muda wa saa 12 na zaidi ukikumbatia begi. Buku tarehe 14, kisha uiandikie hoteli kwamba utafika usiku wa manane, wasije wakakiuza chumba wakidhani hukuja. Kumbuka pia saa za Dubai ziko mbele ya zetu kwa saa moja.

Anayefika alfajiri na hataki kulipa usiku mzima aombe kuingia mapema. Wakati wa joto hoteli zikiwa na vyumba vitupu hukubali, wakati mwingine kwa nyongeza kidogo. Hata wakikataa, begi watakutunzia bure. Siku ya kuondoka, chumba hurudishwa saa 6 mchana, begi linabaki kwao, wewe unazunguka hadi muda wa ndege.

Kutoka uwanja wa ndege nipande nini?

Metro inaingia Terminal 1 na Terminal 3. Terminal 2, ambayo ndiyo ya ndege nyingi za flydubai, haina kituo. Metro hufungua saa 11 alfajiri na kufunga saa 6 usiku (Ijumaa saa 7 usiku), na Jumapili hufungua saa 2 asubuhi, kwa hiyo anayetua usiku wa manane apande teksi tu. Teksi ya uwanjani huanza kuhesabu kwenye dirham 25, na hadi Deira mara nyingi haivuki 50. Zenye paa la waridi huendeshwa na wanawake, na ni nzuri kwa dada anayesafiri peke yake. Kadi ya metro inaitwa Nol, ya fedha ni dirham 25 na ndani yake kuna salio la 19. Mle ndani usile, usinywe, usitafune hata bazoka. Faini ni dirham 100. Wanaume, angalieni msijikute behewa la wanawake na watoto; faini ni hiyo hiyo.

Kiyoyozi kinanipa mafua. Nikizime?

Watu wanaugua Dubai kwa baridi kuliko kwa joto. Unatoka nje kwenye 43, unaingia ukumbini kwenye 20, jasho halijakauka. Fanya hivyo mara kumi kwa siku, shingo itakakamaa na kifua kitabana. Ushauri wangu: beba mtandio, koti jepesi au hata kanga, na uvae unapoingia ndani. Wageni wengi hufanya kinyume.

Chumbani weka nyuzi 24. Najua raha ya kuweka 16 na kujifunika blanketi, lakini ukiamka koo ni kavu kama karatasi. Geuza upepo usikupige kichwani. Usikizime kabisa unapotoka wakati wa joto, maana kukipoza chumba upya kunachukua muda. Hoteli nyingi zina kitobo cha kadi mlangoni, na ukichomoa kadi umeme wote unakatika na kiyoyozi kinasimama. Omba kadi ya pili uiache mle, wapokezi wamezoea.

Na usifungue dirisha au mlango wa roshani "kupata hewa". Hewa ya Agosti imejaa mvuke wa bahari. Ikigusa ukuta wa baridi inageuka maji. Sakafu inateleza, shuka zinakuwa na unyevu, na kiyoyozi kinaanza kudondosha. Baadhi ya hoteli zimeweka kifaa mlangoni kinachozima kiyoyozi chenyewe ukifungua, halafu mgeni anapiga simu mapokezi kulalamika kimeharibika.

Kiyoyozi chenyewe kikikukera kwa kelele, hama chumba usiku wa kwanza. Usingoje. Kuna majengo ya zamani ambayo bado yana vile vya dirishani, vinavyounguruma kama jenereta.

Bomba la baridi linatoa maji ya moto. Limeharibika?

Hapana. Matangi ya maji yako juu ya paa na jua limeyapika. Hoteli kubwa hupoza maji yake, ndogo nyingi hazifanyi hivyo. Wenyeji wana ujanja: majira ya joto huzima hita ya bafuni, maji yaliyomo ndani ya hita yanakaa kwenye kivuli na kupoa, kisha wanafungua bomba la moto ili wapate maji ya baridi. Nyumba ya kupanga yenye hita yake unaweza kufanya hivyo. Kwengineko oga alfajiri.

Mama ana miaka 70 na ana sukari. Nimpangieje siku?

Mpangie kama kuku, apendaye kutoka mapema na kurudi mapema, kisha atoke tena jioni. Kutoka saa 1 hadi saa 4 asubuhi, kurudi, kula, kulala, kutoka tena baada ya magharibi. Maduka ya masoko ya zamani yenyewe hufunga mchana kwa saa kadhaa, kwa hiyo hakosi kitu. Usimwache asubiri kiu. Chupa ya maji iwe mkononi wakati wote, na chumvi kidogo kwenye chakula haidhuru kama daktari hajamkataza. Insulini isiachwe garini hata dakika 10, iwe kwenye friji ya chumbani, lakini hakikisha friji haizimiki ukichomoa kadi ya mlangoni. Akianza kizunguzungu, kichefuchefu au kuongea mambo yasiyoeleweka juani, muingize ndani, mlowanishe shingo na makwapa, na piga 998 kuita gari la wagonjwa.

Chagua hoteli yenye lifti na bafu la kusimama. Mabafu ya kuruka ukingo, yale ya kulala, yameangusha wazee wengi.

Kuna kitu nisibebe?

Miraa. Usiseme ni ya kutafuna kwenye ndege tu. Kule ni dawa za kulevya na utafungwa. Tambuu na majani yake pia ni marufuku, watu wa Unguja na Mombasa mnanisikia. Dawa zenye tramadol au kodeini, pamoja na baadhi ya dawa za usingizi na wasiwasi, zinahitaji kibali cha serikali ya Emirati kabla ya safari, na barua ya daktari. Dawa nyingine beba kwenye boksi lake na cheti chake.

Tutabanana wanne chumba cha wawili?

Kila mgeni huandikishwa kwa pasipoti, ni sheria, na mapokezi wanahesabu vichwa. Chukueni vyumba viwili au nyumba ya kupanga. Yale matangazo ya "kitanda" kwa bei ya kutupa, vyumba vilivyogawanywa kwa mbao, yaacheni. Manispaa huwafukuza watu humo, na ukifukuzwa usiku huna pa kudai.

Wapenzi wasiooana wataulizwa cheti cha ndoa?

Sheria ilibadilishwa Novemba 2020, na hoteli za Dubai haziulizi. Kubusiana hadharani bado kunaweza kukuletea polisi.

Nitakula wapi?

Usilipie chakula cha jioni hotelini kama uko Deira au Bur Dubai. Asubuhi kifungua kinywa cha hoteli kinafaa, maana unashiba na hujatoka juani. Baada ya hapo mtaani: shawarma, mandi ya Wayemeni, biriani ya Wapakistani, migahawa ya Kisomali na Kihabeshi ambako wali na mbuzi utavitambua mara moja. Chai ya karak ya kibandani ni dirham 1 au 2, na ndiyo chai pekee nje ya pwani yetu inayonifanya niketi. Maji nunua katoni dukani. Chupa moja ya kwenye friji ya hoteli ni bei ya katoni.

Mbona WhatsApp hainipigii?

Ujumbe unakwenda, simu za sauti na video zimezuiwa. Wenyeji hutumia programu ya Botim. Zoom, Teams na Google Meet zinafanya kazi. Waambie nyumbani kabla hujaondoka, mama asije akadhani umepotea.

Plagi zao?

Ni zile zile zetu za pini tatu bapa. Adapta huhitaji.

Mzigo nitauweka wapi?

Popote isipokuwa chumbani. Nimewaona watu wanalala wamezungukwa na marobota mpaka hawaoni mlango wa choo. Ukinunua Naif au Dragon Mart, lile soko kubwa la bidhaa za Kichina, mwambie mwenye duka apeleke moja kwa moja ofisi ya kago, ukiwa umeandika alama yako juu. Unabaki na risiti tu. Kumbuka wikendi yao tangu 2022 ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ofisi nyingi hufunga mchana kwa swala.

Watoto wanataka bwawa. Linafaa wakati wa joto?

Uliza kama maji yanapozwa, hilo ndilo swali. Bwawa lisilopozwa mwezi wa Julai ni kama supu. Liwe na kivuli, waingie kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 12 jioni, na wavae ndala hadi ukingoni. Vigae huunguza nyayo. Bahari yenyewe Agosti ni vuguvugu, hupati ahueni humo.

Viza kwanza au hoteli kwanza?

Viza. Ukilazimika kubuku mapema, chukua chumba kinachofutika bila malipo, na usikubali punguzo la "hairudishwi" kabla viza haijatoka. Maombi yanaweza kukataliwa bila sababu, na hoteli haina kosa nawe.

Mvua hunyesha?

Mara chache, kati ya Desemba na Machi hasa. Ila Aprili 16, 2024 ilinyesha ya kihistoria, barabara zikawa mito na safari za ndege zikavurugika kwa siku kadhaa. Acha akiba ya usiku mmoja.

Kuna kitu cha zamani cha kuona, au ni vioo tu?

Kipo. Vuka hori kwa abra jioni, utembee kando ya maji hadi Al Fahidi, mtaa wa nyumba za zamani. Minara ile ya mraba juu ya nyumba ni mitego ya upepo: inaukamata juu, inaushusha chumbani. Ndicho kilichokuwa kiyoyozi chao kabla ya umeme. Ukiingia kwenye nyumba yoyote iliyo wazi, inua macho darini. Zile nguzo nyembamba zilizopangwa ni boriti za mikoko zilizopakiwa majahazini kutoka pwani yetu, na vyumba vyao vimekuwa vyembamba kwa sababu boriti haikuzidi urefu huo. Shangazi yangu alisimama chini yake kwa muda, akahesabu, akasema nyumba ya babu yake Lamu ilikuwa na zaidi.